Tepu Mbili: Maneno ya Arobaini ya Shangazi

Haya niliyasema Jumamosi jioni kwenye kiwanja chetu cha udongo hapa Morogoro, siku ya arobaini ya Shangazi, fundi cherehani wa timu yetu ya netiboli. Wenzangu wameomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, isipokuwa pale sauti iliponikatika, hapo nimeruka.

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi vijana wa bodaboda mliozima pikipiki pale mwembeni, sogeeni, leo hakuna kiingilio.

Familia ya marehemu, viongozi wa netiboli wa mkoa, mwenyekiti wetu wa mtaa, walimu, wachezaji wa sasa na wa zamani: mniwie radhi, sitasoma majina ya meza kuu. Mechi ya netiboli ina robo 4, kila robo dakika 15. Kwenye bonanza moja Shangazi alisimama nyuma ya wageni, mkasi mkononi, akauliza kwa sauti iliyofika barabarani: "Utambulisho umeshakula robo mbili, nani anaongoza?" Sitaki anitokee usiku kuniuliza swali hilo.

Kwa nini tumekutana kiwanjani na si nyumbani kwake? Siku ya maziko wanaume walimpeleka makaburini Kola. Sisi wanawake, kama ilivyo desturi, tulibaki uani, tumekaa kwenye majamvi. Sasa wachezaji wake wote ni wanawake. Watu aliowavisha kwa miaka 26 hawakumsindikiza hata hatua moja. Silalamiki. Ndivyo tulivyolelewa, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kutufukuza kama tungelifuata jeneza. Lakini wenzangu walisema mtu tuliyeishi naye kiwanjani tumuage kiwanjani, nami nikaona ni haki. Ndiyo hayo.

Shangazi. Niliwaona baadhi yenu mkitazamana tangazo la msiba liliposomwa, jina lake, la baba na la babu. Wengine mlidhani kafa mtu mwingine. Alikuwa shangazi wa damu wa mchezaji mmoja tu, GK wetu, yaani mlinda goli, wa zamani sana ambaye aliolewa akahamia Songea. Mpwa akaondoka, jina likabaki nasi. Hata marefa walipomwonya walisema, "Shangazi, rudi kwenye benchi."

Alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake ni kile pale chenye mabati ya bluu, kimefungwa. Hakuwahi kucheza netiboli. Narudia kwa sababu wageni hawaamini: hakuwahi kucheza hata dakika moja. Alipokuwa binti, wenzake walipokwenda kiwanjani yeye alirudi nyumbani kulea wadogo zake. Hilo alinieleza mara moja tu, akiwa anapiga pasi, na hakuinua uso.

Alivyoingia kwenye timu ni hivi. Mpira ulitoka nje ukagonga meza yake, ukamwaga bobini na vifungo kwenye vumbi. Nilitumwa mimi kuufuata kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote. Nilimkuta ameukumbatia mpira kwa mkono wa kushoto na mkasi ameushika kwa mkono wa kulia, nikajua mpira wetu umekwisha. Hakunitazama mimi wala mpira. Alitazama kifua changu. Siku hizo herufi zetu, zile zinazoonyesha mchezaji anacheza nafasi gani, tulikuwa tunaziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila, tunazibana kwenye fulana kwa pini. Ukiruka, pini inakuchoma. Ukitoka jasho, herufi inachuruzika. Akaniuliza, "Hii takataka umebandikwa na nani?" Nikasema ni GD, mlinzi wa goli. Akasema, "Sijauliza ni nini, nimeuliza nani kabandika."

Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa. Mafundi mnajua: Januari ni sketi za bluu na mashati meupe mpaka ndoto zako zinakuwa za bluu na nyeupe. Shule zilipotulia alikuwa na furushi la masalia. Akashona bipsi 7, vile vizibao vya herufi, za bluu kwa vitambaa vya sketi, herufi nyeupe kwa vitambaa vya mashati. Viongozi wa mkoa, mmewahi kutuuliza kwa nini rangi zetu ni bluu na nyeupe, na katibu wetu mmoja akawajibu kwamba bluu ni mto Morogoro na nyeupe ni ukungu wa Uluguru. Alijibu vizuri sana. Ukweli ni kwamba ni masalia ya sare za shule ya msingi.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la vipimo, maana hapo ndipo nilipomwelewa.

Kiwanja hiki mlichokalia kandokando yake kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Nguzo ina urefu wa mita 3.05. Mnaona hizo namba zilivyo na mikia? Mwalimu wetu wa kwanza alihangaika nazo, kwa sababu rula ya mita ilikuwa ya shule na shule ilifungwa jioni. Shangazi akaja na tepu yake ya shingoni. Tepu ya fundi ina inchi 60. Akauliza kama mchezo huu ni wa Wazungu wa zamani au wa juzi. Mwalimu akamwambia ni wa zamani, Waingereza waliutoa kwenye mpira wa kikapu wa Marekani miaka ya 1890 wakaupeleka kwenye shule za wasichana kila walikotawala. Shangazi akasema, "Basi hawa walipima kwa futi, hizo mita wamezivisha baadaye." Akapanda kwenye stuli, akapima nguzo. Futi 10. Tepu mbili kamili, bila kubaki wala kupungua. Kiwanja kikatoka tepu 20 kwa tepu 10. Nusu duara ya kufungia, tepu 3 na futi moja. Duara la katikati, futi 3 toka ukingo hadi ukingo. Pete yenyewe ina inchi 15 kupita katikati, na alipoizungushia tepu akapata 47, akacheka: "Hizi ni nyonga za mama mkwe."

Toka siku hiyo hakuna aliyepiga chokaa kiwanja hiki ila yeye. Alikuwa na kamba yenye fundo kila baada ya tepu moja, na ili kujua kama kona zimenyooka alipima kutoka kona hadi kona, huku na huku: tepu 22 na inchi 21 na nusu hivi. Pande zote mbili zikilingana, piga chokaa. Zisipolingana, ng'oa vigingi uanze upya, hata kama wageni wameshafika. Wameshafika mara nyingi. Wamekaa kwenye basi wakimtazama mwanamke wa makamo, amejifunga khanga kiunoni, akibishana na kigingi.

Chokaa kilipokosekana alitumia majivu ya mama ntilie wa jirani. Na chokaa kilimla vidole. Mikono yake jioni ilikuwa imepasuka, halafu anarudi kushona hariri ya bibi harusi ambayo ilikuwa inanasa kwenye ngozi. Sijui kama alilipwa kikamilifu kwa nguo hizo. Najua aliwahi kurudishiwa moja.

Na kila baada ya masika alipima nguzo upya. Kwa nini? Kwa sababu mvua inakokota udongo. Mwaka mmoja udongo unaondoka miguuni mwa nguzo, pete inakuwa juu. Mwaka mwingine mtu anamwaga kifusi, pete inashuka. Timu moja ya jirani ilikuwa na pete fupi kwa vidole vinne na haikujua, wafungaji wao wakawa wanatamba nyumbani na kulia ugenini. Shangazi aliliona hilo akiwa bado ndani ya daladala. Akashuka, akapima, akawaambia viongozi wao kwa faragha baada ya mechi. Baada, si kabla. Tulikuwa tumeshafungwa. Nilimkasirikia wiki nzima.

Lakini msinielewe vibaya, hatukuzika malaika. Nimesikia tangu asubuhi watu wakisema alikuwa mpole. Mpole yupi? Alimtukana refa mmoja mpaka akafungiwa mechi 2 asikanyage benchi, akazitazama zote akiwa juu ya mwembe ule, na mwamuzi akabaki anatazama juu akisikia matawi yanamsema. Hakukubali fedha za timu ziwekwe kwenye simu. Mweka hazina wetu kijana alijaribu miaka 3 kumshawishi, akaambiwa, "Simu ikizima chaji, timu inalala njaa?" Fedha zilikaa kwenye kopo la kakao, na hesabu kwenye daftari la kaunta. Alikuwa na maneno makali kwa mabinti walionenepa likizo, maneno ambayo leo tusingeyaruhusu, na nadhani baadhi yaliumiza kwa muda mrefu. Mmoja aliacha timu kwa sababu hiyo. Nimemwona amekuja leo, amekaa pale nyuma. Asante kwa kuja, dada.

Sasa nije kwenye sketi.

Ninyi mabinti wa sasa mnavaa taiti na sketi fupi na hamuoni ajabu. Zamani mchezaji mzuri tulimpoteza kwa sababu ya goti lake kuonekana. Baba anapita barabarani, anamwona binti yake amerukia mpira, sketi imepepea, kesho binti haji. Makocha walikuwa wanawafuata akina baba kwa hotuba za haki za mtoto wa kike. Hazikusaidia kitu. Shangazi alikwenda na kitambaa. Alikaa barazani, akafungua furushi, akamwonyesha baba sketi: marinda 8, inashuka chini ya goti, ndani kuna suruali nyembamba inayofika kwenye kifundo cha mguu, na mtandio ulioshonewa utepe shingoni usivuke kichwani hata ukiruka. Akamwachia mzee aipime kwa shibiri zake mwenyewe. Kuna mzee mmoja, Mungu amrehemu, alipima, akapima tena, akatafuta kasoro hakuiona, mwishoni akasema, "Na jioni atarudi saa ngapi?" Hapo Shangazi alijua ameshinda. Alikuwa anawarudisha mwenyewe, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, Mji Mpya mpaka Kihonda, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho kufika kwake.

Kwenye begi la vifaa kulikuwa na mfuko wa pembeni wenye zipu. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuufungua, hata kocha. Ndani yake kulikuwa na vitambaa vilivyokunjwa vizuri, sabuni, na khanga moja ya ziada. Mwenye shida alichukua bila kuomba na bila kuandikwa popote. Ni kitu pekee kwenye timu hii ambacho hakikuandikwa kwenye daftari. Nimeona mabinti wangapi wa shule wanakosa masomo siku 3 au 4 kila mwezi halafu wanakuja mazoezini bila kukosa, na walimu wanashangaa wanapenda nini kwenye netiboli. Walikuwa wanaupenda ule mfuko.

Niwape kisa cha Dodoma, maana wengine mmekisikia vibaya.

Tulikwenda mashindano, tukapita Dumila, Gairo, tukafika tumechoka. Shangazi alikuwa ameshona bipsi mpya usiku kucha kabla ya safari, umeme ukikatika anawasha kibatari. Tunavaa, refa anakagua. WD wa kwanza, sawa. WD wa pili. Refa anatazama, anatutazama. Hatukuwa na WA. Kwa wasiojua mchezo huu: kila herufi ina eneo lake. GS na GA peke yao ndio wanaofunga. WA anapeleka mpira mbele, WD anazuia nyuma, na ukikanyaga eneo lisilo lako ni kosa. Huwezi kucheza na WD wawili, ni sawa na gari lenye breki mbili bila mafuta. Refa akatupa dakika 5. Sisi tulianza kulia. Shangazi hakutamka neno. Alifungua sanduku la huduma ya kwanza, akatoa plasta nyeupe, akakata vipande 3 kwa meno, akaifunika D na mabaki ya kitambaa cha bluu, akabandika A. Mchezaji akaingia kiwanjani amebandikwa plasta kama majeruhi. Tulishinda. Lakini hakufurahi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema, "Herufi moja. Herufi moja tu nimeikosea." Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, na nadhani alidhani tutamcheka kwa hilo. Hatukumcheka. Tulicheka plasta.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 2023 Kombe la Dunia la netiboli likachezwa Cape Town, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika. Tulikusanyika kibandani kwake kutazama kwenye simu ya mweka hazina, ile ile aliyokuwa haiamini. Tanzania haikuwepo. Tuliwashangilia Uganda, wakamaliza wa 5, na Malawi wakawa wa 7, na kwa kuwa ni majirani zetu tukajifanya na sisi tumo. Yeye hakuangalia mpira. Aliisogeza simu karibu na miwani akasema, "Simamisha hapo." Alikuwa anatazama namna herufi zinavyokaa kwenye gauni la mchezaji. Zinabanduliwa na kubandikwa. Wiki iliyofuata alikwenda sokoni kwenye mitumba, akanunua majaketi ya watoto yaliyochakaa, akayang'oa velkro zote, zile tepe zinazonatana. Hizo bipsi mnazovaa mpaka leo, zenye herufi za kubandika na herufi za akiba kwenye mfuko, zilitoka hapo. Dodoma ilikuwa bado inamkera.

Nimalizie jambo ambalo viongozi wa mkoa nataka mlisikie, na samahani kama litawachoma.

Netiboli ya nchi hii tunaifahamu ilivyo. Timu zinazotamba ni za majeshi na za taasisi: JKT, Magereza, Polisi, Uhamiaji. Siwalaumu hata kidogo. Kule kuna mshahara, kuna matibabu, kuna uniform isiyoshonwa na masalia. Binti wa mtaani mwenye kipaji akipata nafasi hiyo, maisha ya nyumba nzima yanabadilika. Kwa hiyo kila tulipomkamilisha mchezaji, alichukuliwa. Msimu mmoja tulichukuliwa GS na C, mchezaji wa katikati, siku 4 kabla ya ligi ya mkoa, na timu iliyowachukua haikupiga hata simu. Kocha wetu alikaa chini akatupa filimbi. Shangazi aliokota filimbi, akaipangusa, kisha akaenda kupiga pasi mashati ya mabinti wale wawili kwa ajili ya usaili wao. Kocha akamwuliza kama hana uchungu. Akamwambia, "Mwalimu, si wewe uliyenifundisha kwamba mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde 3?"

Maneno mazuri, na nimeyasikia yakirudiwa leo mara nyingi. Lakini mimi nilikuwepo, na nilimwona baadaye nyuma ya kibanda. Uchungu alikuwa nao. Alijua kuna timu zitakazovaa medali kwa magoli ya mabinti aliowarudisha nyumbani kwa miguu. Kwenye mpira wa miguu wa wanaume, FIFA ina utaratibu wa fidia ya mafunzo: klabu iliyomlea mchezaji toka akiwa na miaka 12 ina chake pale anapokwenda kucheza kwa kulipwa. Sisi tumepata nini? Hata mpira mmoja hatujapata. Nasema hivi nikiwa natazama upande wenu, waheshimiwa. Mpira mmoja na barua ya asante kwa kila mchezaji, si jambo la kuombea bajeti.

Na suala la cheo. Tulipokwenda kuisajili klabu kwa utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, tulitakiwa tuwe na katiba na majina ya viongozi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wote tukapatikana. Shangazi hakuwa na pa kuingia. Kijana mmoja akapendekeza tumwandike mlezi. Alikasirika kuliko siku ya refa. Alisema mlezi ni mtu wa kuja siku ya fainali na kiti chake. Na kweli, kwa lugha ya michezo yetu ndivyo ilivyo. Basi hakuandikwa. Kwenye faili la klabu hii, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, jina lake halimo. Nimelipekua lote wiki iliyopita. Yumo mtu aliyetuahidi seti ya jezi akapotea, lakini yeye hayumo.

Mimi niliumia goti nikiwa na miaka 23. Kwenye netiboli mguu wako ukitua umetua: ukiuinua huruhusiwi kuurudisha chini kabla mpira haujatoka mkononi. Ndiyo maana tunasimama ghafla, na ndiyo maana magoti na vifundo vyetu vinaharibika. Goti langu lilisimama, mwili ukaendelea. Shangazi ndiye aliyenibeba mpaka bajaji, ndiye aliyekaa na mimi hospitali, ndiye aliyekuja siku ya tatu kuniambia sitacheza tena, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu. Hakunibembeleza. Aliniuliza, "Unajua kuandika vizuri?" Nikasema najua. Akanipa kazi ya ukatibu. Ndiyo maana mnaniona hapa na makaratasi.

Familia imetukabidhi daftari la kaunta na kopo la kakao. Nililisoma daftari usiku mmoja. Kuna nauli, kuna posho za waamuzi, maji, barafu, plasta, chokaa. Fedha iliyotoka mfukoni mwake ameiandika "fundi", bila jina, kama mtu mwingine alileta. Sikujumlisha. Nilianza nikaacha.

Na mwisho wa daftari kuna ukurasa wa madeni. Huko hana huruma na mtu. Waliolipa amewakata kwa mstari ulionyooka, amepitisha rula. Wasiolipa wamo mpaka leo, na wengine mpo hapa, mmekaa mbele kabisa, mmevaa vizuri. Mheshimiwa mmoja wa kike wa idara ambayo sitaitaja anadaiwa nauli ya Kilosa. Msicheke, wengi mnacheka kwa hofu.

Na mimi nimo. Mstari wa saba kutoka juu. "GD mdogo, raba, 3,500." Nilinunuliwa raba hizo msimu wa kwanza, nikasema nitalipa mwisho wa mwezi. Alinikumbusha mara mbili ndani ya miaka 26, mara ya pili ikiwa siku ya harusi yangu, akiwa ananifunga zipu.

Nimekuja nayo. Noti tatu za elfu na sarafu moja ya mia tano. Mweka hazina, hebu sogea na kopo. Na rula umebeba?